Koti la Shemeji

Lanet, Jumapili, 3 Machi 1957

Leo nimemkaribisha Mungu moyoni. Naandika tarehe kwa sababu Mwalimu Hezekiah anasema mtu aliyeokoka lazima aijue siku yake, na mimi sipendi kuulizwa kitu nisichoweza kujibu. Siku ninayo, hiyo hapo juu. Kilichobaki ni Mungu mwenyewe kuingia.

Maana sikusikia kitu. Tulikuwa kwenye ghala la mahindi, sisi wa kambi hii ya wafanyakazi na wengine wa shamba la pili, na Mwalimu akasema kwamba mbele ya kila moyo yuko mtu amesimama anabisha. Hasukumi mlango, maana unafunguliwa kwa ndani tu. Akifunguliwa huingia, akala pamoja na mwenye nyumba. Nekoye, ninayeosha naye mikebe ya maziwa, alilia na kutetemeka mpaka kitambaa kikamtoka kichwani. Mimi nilifumba macho nikasema kimoyomoyo, Karibu. Nikangoja. Nikasikia mbuzi. Nikasikia binti yangu Akeyo akiuliza kama baadaye kutakuwa na chai. Nikasema tena, Karibu, ingia, usisimame mlangoni kama mtu wa kupeleleza. Kimya.

Nimerudi nyumbani nikapika mboga. Mlango nimeufungua, na kama hajaingia hilo ni lake. Siufungi.

Jumanne, 5 Machi

Vumbi la ziwani limejaa hata ndani ya uji. Mvua bado.

Jumamosi, 9 Machi

Oyugi amekuja. Huyu ni mdogo wake marehemu mume wangu Obura, na ndiye nyapara wa kambi hii. Obura alikuwa dereva wa trekta hapa mpaka kifua kilipomuua mwaka jana. Memsabu, mzungu mwenye shamba, ameniacha nikae katika nyumba ya Obura na kulima kipande chake kwa sababu naosha mikebe ikang'aa, lakini nyapara akisema neno baya, memsabu atamsikia nyapara.

Alikaa kwenye kigoda, koti lake la kijivu amelifunga vifungo vyote kama anakwenda barazani.

"Shemeji," akasema, "mvua iko karibu. Shamba ya Obura haiwezi kukaa bure."

"Haitakaa bure. Nitapanda."

"Utapanda na nani?"

"Na jembe."

Akakohoa. Kwetu Wajaluo mjane hapandi mbegu kabla hajarithiwa na ndugu wa marehemu. Akipanda, chira humwangukia. Chira ni laana ya mwiko uliovunjwa: humkausha mtu taratibu, yeye au mtoto wake, na anayekula chakula chake huila pamoja nacho. Oyugi ana mke na watoto, na sidhani ananitamani hata kidogo. Lakini watu wa nyumbani Alego wanamngoja afanye kazi yake.

"Nyumba haikai bila mwanaume," akasema.

"Nimeshamkaribisha mwingine."

Kweli naapa, alinyanyuka akachungulia nyuma ya pazia. "Nani?"

"Yesu."

Akaketi tena, amefadhaika. "Huyo atakukatia kuni?"

"Wewe umenikatia lini?"

Ameondoka bila kumaliza chai. Nimecheka mpaka nikashika ubavu, kisha nikaona Akeyo ananitazama, nikaacha.

Jumapili, 17 Machi

Leo ilikuwa zamu ya ushuhuda. Mmoja mmoja walisimama wakasema siku, saa, na jinsi moto ulivyowashuka kifuani. Mwalimu akanigeukia. "Na Dada Dorka?" Hilo ndilo jina langu la ubatizo, la nyumbani ni Awuor.

Nikasimama. Nikasema, "Mimi nilimkaribisha tarehe tatu. Sijasikia moto. Sitasema nimeusikia."

Mwalimu ni mtu mpole, Mluhya wa kutoka Kimilili, huja kwa baiskeli hata jua likiwaka namna gani. Akaniambia kwa upole kwamba labda sijafungua mlango wote. Nikamjibu kwamba mlango wa nyumba yangu ni mmoja, ukifunguliwa umefunguliwa. Nekoye akanivuta gauni niketi.

Jumamosi, 23 Machi

Mama mkwe ameshuka kwenye treni na kuku wawili na uso wa kazi. Wote humwita Min Obura, mama yake Obura, jina la mwanawe wa kwanza. Amefikia kwa Oyugi. Nilikwenda kumwamkia akanipa mkono, akambeba Akeyo, anayemwita Dana, yaani bibi, akamwimbia. Nilipomkaribisha kwangu alinifuata mpaka uani, akasimama. Nikatandika mkeka, akaukalia hapo nje. Nikaleta chai, akaiweka chini mpaka ikapoa.

"Nyar Ugenya," akaniambia, maana kwetu mke huitwa kwa nchi alikozaliwa, "sina ugomvi na wewe. Ugomvi uko na hii nyumba. Imekaa vibaya. Nikiingia, nitaumia."

Niliimwaga ile chai kwenye majani. Nilikuwa na hasira, na aibu pia, kwa sababu huyu mama alinipenda.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua! Tangu saa nane hadi jioni. Mlima Menengai haukuonekana kabisa.

Jumamosi, 30 Machi

Nimepanda.

Nilimaliza mikebe mapema nikaenda moja kwa moja shambani, nimebeba mbegu kwenye kibuyu na Akeyo ananifuata na fimbo. Udongo ulikuwa umeshiba maji. Katika vipande vyote wanawake walikuwa wamesimama wakingoja, maana Min Obura ndiye mkubwa, ilitakiwa yeye atupe mbegu ya kwanza pale kwa Oyugi, kisha mke wa Oyugi afuate, kisha wengine. Mimi nilitakiwa kusimama kando na mikono mitupu mpaka jambo langu limalizwe.

Sikusimama. Nilipiga jembe, nikatia mbegu, nikafukia kwa mguu. Nikapiga la pili. Hakuna aliyesema neno. Ukimya ule ulinichoma kuliko matusi, na nilipofika katikati ya mstari wa kwanza nilianza kuongea kwa sauti ili nisiusikie. Nilimwambia Mungu, Wewe ndiye mkubwa wa nyumba hii sasa, basi wewe ndiye umetupa ya kwanza, mimi nafuata. Kama si hivyo, niambie sasa hivi kabla sijamaliza mbegu. Hakuniambia, nikamaliza.

Min Obura alikuja mpaka mpakani, akasimama ng'ambo ya mfereji.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Nimepanda chakula cha mjukuu wako, Mama."

"Hatakula hayo mahindi." Alisema bila kelele, na ndiyo maana niliogopa. "Nimekupa mpaka mahindi yabebe. Ukirithiwa kabla ya hapo, dawa iko, tutatengeneza. Usiporithiwa, siku ya mahindi mabichi nachukua mtoto nakwenda naye Alego. Yeye ni wa Obura. Sitamwacha afe kwa kichwa ngumu ya mama yake."

Na anaweza. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa baba, hakuna mzee wala askari atakayenisikiliza. Akeyo alikuwa amekaa kwenye tope akizika kokoto, akisema naye anapanda.

Sasa nimeketi. Miguu inauma. Nasema wazi, naogopa. Lakini mbegu iko chini na siifukui.

Jumanne, 9 Aprili

Imeota. Kanga wamekuja wakafukua mstari mzima. Nimepanda tena.

Jumamosi, 13 Aprili

Mke wa Oyugi ameacha kuja kuomba moto kwangu. Kisimani wananiachia nafasi kubwa, nachota peke yangu kama mke wa chifu. Nekoye peke yake bado anasimama karibu. Yeye ni Mbukusu, anasema chira haijui lugha yake.

Jumapili, 21 Aprili, Pasaka

Nimekasirika na nitaandika kwa hasira.

Baada ya ibada Mwalimu Hezekiah aliniita kando. Nikamwona Oyugi amesimama nyuma yake, kofia mkononi. Moyo ukaniambia, hapa kuna njama.

"Dada," Mwalimu akaanza, "nimezungumza na shemeji yako. Ni mtu mwungwana. Hataki kukugusa. Hata mkewe hataki."

"Kweli kabisa, sitaki," Oyugi akasema, na nilimwamini.

"Desturi yenu ina njia nyepesi. Aache koti lake ndani ya nyumba yako, lilale siku moja kwenye msumari. Asubuhi alichukue. Wazee watahesabu umerithiwa, mama atatulia, mtoto atabaki. Wewe moyoni unajua ni wa nani."

"Na wewe, Mwalimu, unalionaje?"

Akatazama baiskeli yake. "Ni koti tu, Dada."

Nikawauliza, "Kama ni koti tu, mbona mnalitaka sana ndani?"

Nikaendelea, sikuweza kujizuia. Nikamwambia Mwalimu kwamba yeye ndiye aliyenifundisha kuwa Mungu mwenyewe anasimama nje anabisha, hasukumi. Sasa Mungu anabisha, Oyugi ni nani asibishe? Na nikimjibu hapana, hilo nalo si jibu la mlangoni?

Oyugi alisema taratibu, "Shemeji, unafikiri napenda? Nisipofanya, chira ni yangu pia. Watoto wangu wanne." Uso wake ulikuwa wa mtu asiyelala vizuri. Nilimhurumia kidogo, halafu nikakumbuka mimi ndiye nitakayenyang'anywa mtoto, huruma ikaisha.

Ule msumari wanaoutaka si hata wangu. Nyumba hii ilikuwa ya mama mmoja Mkikuyu, Wariara, ambaye askari wa serikali walimpakia kwenye lori mwaka wa hamsini na tatu, wakati wa hali ya hatari, pamoja na watu wake wote, ndipo sisi tukaletwa. Nilikuta msumari ukutani, na maua ya njano mlangoni. Aliutundikia nini sijui. Lakini najua walioingia kumtoa hawakupiga hodi.

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua. Palizi. Mgongo.

Jumanne, 14 Mei

Mahindi yangu yanafika magotini, na yameyapita ya Oyugi. Watu wanayatazama wakipita. Wengine nafikiri wangefurahi yanyauke, ili dunia ibaki kama walivyoiacha. Nayapalilia mara mbili kwa ujeuri tu.

Min Obura huja kila siku kumchukua Akeyo wacheze. Husimama kwenye maua ya njano akaita. Humpikia mtama, humfundisha majina ya mababu. Siwezi kumchukia, na hilo linanichosha kuliko palizi.

Jumapili, 2 Juni

Moyoni bado kimya. Nimeacha kungoja moto. Namwambia habari za siku, basi, kama ninavyomwambia mtu aliye chumbani wakati mimi nachambua mboga.

Jumatano, 12 Juni

Baridi kali. Akeyo anakohoa.

Ijumaa, 14 Juni

Homa. Anapumua kwa haraka na pua zinapanuka. Hataki uji.

Jumapili, 16 Juni

Naandika juu ya goti, hospitalini Nakuru, Akeyo amelala mbele yangu.

Jana asubuhi alizidiwa. Nilitoka naye mgongoni kwenda barabarani, na Oyugi akaniona. Sitasema uongo juu yake: alikimbia kwenye matope, akasimama mbele ya lori la maziwa mpaka dereva akashika breki, akatukana, akatupandisha. Akavua koti lake la kijivu akamfunika Akeyo, akaja nasi mpaka mjini ananyeshewa na shati. Nililipokea koti lile kwa mikono miwili. Getini nilimrudishia nikamwambia asante, na ilikuwa asante ya kweli.

Daktari amesema ni nimonia, akaleta sindano.

Leo wamekuja wengine. Kwanza Mwalimu Hezekiah na Nekoye. Waliomba vizuri, kisha Mwalimu akanong'ona, "Dada, hakuna jambo umelificha? Dhambi ya ndani huweza kufunga mlango." Baada yao Min Obura, kashuka kwenye lori lilelile la maziwa na amejifunga kanga mbili kwa baridi. Alimshika mtoto miguu, akasema, "Ni chira. Unaiona mwenyewe."

Basi ugonjwa ni mmoja na watu wangu wote, wa kanisani na wa nyumbani, wananiuliza nimefanya nini. Daktari peke yake ndiye hakuniuliza.

Min Obura akanishika mkono. Huyu mama hajawahi kunibembeleza tangu niolewe. "Kubali koti. Sema neno tu. Nitarudi leo nilitundike mimi mwenyewe, kabla ya giza. Nyar Ugenya, nilimzika baba yake. Usinizikishe na huyu."

Neno lilifika mpaka kwenye meno. Ni koti tu. Mtoto alikuwa anakoroma kama maji kwenye mfereji, na mimi ni nani nishindane? Nikamwambia, ngoja, Mama, nikatoka barazani.

Hapo barazani nikagombana na Mungu, na watu waliopita walifikiri nimerukwa na akili. Nikasema: Nilikukaribisha mwezi wa tatu. Sikukuomba moto, sikukuomba kutetemeka. Nimekutangaza mbele ya shemeji, mbele ya mkwe, mbele ya shamba zima, na wewe umekaa kimya kama umekuja kupumzika. Kwetu mgeni akiona mtoto wa nyumba anaumwa, husimama. Simama! Na kama husimami, keti, lakini usidhani nitakufukuza ili nimwingize mwingine. Mtoto huyu akifa utabaki humohumo unitazame na mimi nikutazame, na koti haliingii.

Nililia mpaka nikaegemea ukuta. Nikafuta uso kwa gauni. Nikarudi ndani nikamwambia Min Obura, "Hapana, Mama."

Aliinuka bila kuniaga. Sijui kama nimefanya vema. Naandika kwamba sijui.

Jumatatu, 17 Juni

Vilevile.

Jumatano, 19 Juni

Ameomba uji! Amekunywa vijiko sita, akatapika, akaomba tena.

Jumamosi, 29 Juni

Tumerudi nyumbani. Nimefungua mlango, na koti la Oyugi liko kwenye msumari.

Nilisimama na mtoto mgongoni. Limetundikwa vizuri, mabega yamenyooshwa, vifungo vimefungwa. Mahali pengine mtu angesema mwizi ameingia. Huyu ameingia akaacha.

Nekoye akanieleza. Wakati mtoto yuko hospitalini Oyugi alikuja mchana na wazee wawili wa kambi, akasukuma mlango, akatundika, akaliacha nilione mwenyewe nikirudi. Kwa hiyo, kwa hesabu yao, nimesharithiwa, sherehe imepita na mimi sikualikwa. Na mtoto amepona, kwa hiyo koti ndilo lililomponya. Kisimani wameshaanza kuniamkia.

Nikauliza, "Ilikuwa siku gani?"

"Ijumaa ile. Baada ya kusikia mtoto anakula."

Nilicheka kwa uchungu. Sindano ya daktari ilifanya kazi wiki nzima, halafu koti likaja kuchukua sifa.

Ingekuwa rahisi kunyamaza. Hilo ndilo nililolifikiria nikimlaza Akeyo. Sijasema ndiyo, wengine wamesema kwa niaba yangu, mtoto atabaki, mahindi yataliwa, hakuna aliyenigusa. Nilichotakiwa kufanya ni kutofanya kitu. Nikawasha moto. Nikaweka maji. Koti likawa linanitazama mgongoni, na nikajua kwamba kila nitakapopika litakuwa pale, hata likiondolewa.

Basi nikalishusha. Nikatoka nalo mchana kweupe, nikapita katikati ya kambi nimelikumbatia, watu wakitoka milangoni. Koti lilipokuwa la kumfunika mtoto nililipokea. Hili lilikuwa limekuja kwa kazi nyingine, nami nikaamua kulipangia kazi yangu. Shambani nilifunga miti miwili msalaba, nikaivika koti, nikaweka kibuyu juu kuwa kichwa. Tumbili wa kutoka makorongoni wameanza kutamani mahindi yangu. Sasa yuko mwanaume shambani.

Oyugi alifika anatweta. "Shemeji, hiyo ni koti yangu!"

"Naijua. Ichukue wakati wowote. Lakini nyumbani kwangu utapiga hodi, na ukijibiwa hapana, ni hapana."

Hakulichukua. Koti lililokataliwa na mjane halivaliki tena, wanasema, lina balaa. Amesimama pale amekunja mikono kwa baridi. Akaniambia, "Mama atachukua mtoto. Mimi sitamzuia tena." Kisha akasema polepole, "Nilitaka kukusaidia, jameni." Naye alisema kweli, maskini.

Jumapili, 7 Julai

Mwalimu aliuliza nani ana ushuhuda. Nikasimama kabla hajanitazama.

Nikasema, "Mliniuliza aliingia lini. Sijui. Sikusikia mlango. Lakini mwezi wa sita niligombana naye hospitalini kama ninavyogombana na mtu wa nyumbani, na nilipomaliza sikuwa peke yangu. Mtu hagombani na nyumba tupu. Huo ndio ushuhuda wangu. Na sikuficha dhambi yoyote, Mwalimu. Nilikuwa na mtoto mgonjwa."

Mwalimu Hezekiah akaanzisha wimbo wa kufunga. Alipokuja kuniaga aliniambia, "Nilikosa juu ya koti." Nikampa ndizi za njiani. Nimemsamehe, karibu yote.

Jumamosi, 20 Julai

Mbelewele zimetoka zote. Min Obura amekuja mpakani, ng'ambo ya mfereji, na kanga zake mbili. Baridi ya huku inamwonea, yeye amezoea joto la ziwa la kwetu. Nilikuwa nang'oa magugu, sikuinuka.

Alilitazama koti. "Limenyeshewa sana," akasema. "Na mtoto anazidi kunenepa."

"Ndiyo, Mama."

Tumbili walilia mbali. Kisha akasema, kana kwamba anaongea na mahindi, "Baba yake Obura alipokufa, ndugu yake alikuja kunirithi na kiti chake. Hakuleta hata jembe. Alikaa kwenye hicho kiti miaka yote, akala ng'ombe wangu wawili, akafa. Mimi hakuna aliyeniuliza."

Nikainuka. "Wangekuuliza ungesemaje?"

Alinikazia macho kama nimemtusi. "Swali gani hiyo? Sikuulizwa." Akageuka akaenda zake, na viatu vyake vilikuwa vimejaa tope.

Jumamosi, 3 Agosti

Mahindi yamebeba. Nimebonyeza hindi moja, maziwa yametoka. Tikiti ya treni imekatwa, Oyugi amenipitishia habari na mkewe: tarehe kumi na nane, Jumapili. Nimemwambia Mungu ajiandae, maana mimi sijui nitafanya nini.

Ijumaa, 16 Agosti

Nimefua nguo zote za Akeyo. Sikukubali, ila sitaki aende na nguo chafu. Nilipomaliza nilizirudisha zote kwenye maji nikazifua tena.

Jumamosi, 17 Agosti

Leo nilivuna. Sikungoja kesho. Nilikata mahindi mabichi nikajaza sufuria, nikaweka moto uani ili kila mtu aone moshi. Kama mtoto wangu anaondoka, ataondoka ameshiba mahindi ya mama yake. Nilikula la kwanza mimi, nimesimama, kambi nzima ikitazama kama nitaanguka. Sikuanguka. Nikampa Akeyo. Akala mpaka masikioni. Mvua ikatutia ndani, mimi na yeye na sufuria.

Kisha nikamwona Min Obura anakuja kwa njia ya shambani, peke yake. Amejikunyata. Alipofika kwenye ile sanamu yangu akasimama. Akatazama nyuma, akatazama mbele. Akaondoa kibuyu taratibu akakiweka chini, akalivua lile koti, akalikung'uta, akalivaa. Lilimfika magotini. Nilishika nguzo ya mlango. Nikafikiri, ndiyo, amelichukua alilete ndani kwa nguvu, safari hii yeye mwenyewe.

Akafika kwenye maua ya njano, mahali anaposimama siku zote. Mvua inamnyeshea. Akafungua vifungo kimoja kimoja kwa vidole vya baridi, akalivua koti, akalitundika kwenye uzio, nje. Akabaki na kanga zake. Akaja mpaka mlangoni.

"Hodi," akasema.

Akeyo ndiye aliyejibu, mdomo umejaa: "Karibu, Dana!"

Yule bibi hakuinua mguu. Alikuwa ananitazama mimi. "Nimepiga hodi kwa mwenye nyumba."

"Karibu, Mama," nikasema. "Karibu ndani."

Aliingia. Aliutazama msumari mtupu, akakaa kwenye kigoda karibu na moto. Najua alivyoogopa. Aliogopa jinsi ningeogopa mimi kutia mkono kwenye shimo la nyoka. Akeyo alimpa hindi alilokwisha kuling'ata upande mmoja. Akalipokea. Nilitaka kumwambia, Mama, si lazima. Sikumwambia, maana alikuwa mtu mzima amechagua.

"Nimemwambia Oyugi mimi ndiye mkubwa," akasema akiligeuza hindi mkononi. "Nikila mimi, maneno yameisha. Kesho nasafiri peke yangu."

Akang'ata. Akatafuna kwa muda mrefu, macho amefumba. Akameza. Akakaa akajisikiliza. Kisha akafumbua macho, akatazama huku na huku nyumbani kwangu.

"Nyar Ugenya," akasema, "wewe unakaribisha mtu bila chumvi?"